Viko Kumi na Tisa kwa Beseni Moja

Beseni lenyewe lilikuwa la plastiki, la kijani, na lilikuja na ufa wake. Hilo ndilo lililomkera Gundi kuliko yote. Kama kaka yake angeviuza viko vya tumbaku vya baba yao kwa bei ya maana, angalau watu wangesema tamaa ilimzidi nguvu, na tamaa ni ugonjwa unaojulikana. Lakini kuviita takataka, kuvitumbukiza kwenye boksi la viatu, kumkabidhi mnunuzi wa vikuukuu aliyepita na mkokoteni wake, kisha kupokea badala yake beseni lisiloweza hata kushika maji ya kunawa? Tamaa haikuhusika hapo. Huo ulikuwa uzembe wa mtu aliyesoma.

Gundi halikuwa jina alilozaliwa nalo. Baba yake, aliyekuwa mfunga vitabu, ndiye aliyemwita hivyo alipokuwa na miaka mitano, kwa sababu alikuwa habanduki karakanani. Sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, karakana ni yake, na jina lilishamganda.

Viko vile baba alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka thelathini. Hakuwa na uwezo wa kununua vipya, vile vinavyolazwa dukani kwenye visanduku vyenye kitambaa laini, na hata angekuwa nao asingevitaka. Yeye alipenda vikuukuu. Jumapili asubuhi alikwenda kuinama kwenye marundo ya wauza vitu chakavu, katikati ya vijiko vilivyopoteza wenzao na redio zilizokata roho, akaibuka na kitu cheusi kilichojaa uchafu ambacho muuzaji mwenyewe hakujua ni nini. Masharti yake yalikuwa mawili tu. Kiko kiwe kimechongwa kwa ule mzizi wa kichaka kinachoota kwenye mawe, mgumu kiasi kwamba moto hukaa ndani yake miaka na miaka bila kuula. Na bei isizidi ya kandambili.

"Kiko cha bei kubwa nitakivutaje?" alikuwa akisema. "Si nitakuwa nakiogopa."

Alikuwa na sheria zake, na nyumba nzima ilizijua. Kiko kilichovutwa leo kesho kipumzike. Ukoko wa ndani, ule mweusi unaojengwa na moto siku hadi siku, usikwanguliwe hovyo, maana ndio unaokilinda kiko na ndio unaokipa ladha. Upunguzwe tu ukizidi unene wa sarafu. Sabuni isikisogelee hata kwa bahati mbaya. Viko kumi na vinane alivivuta kitini, jioni, akivishika mkononi kama mtu aliyeshika ndege. Cha kumi na tisa kilikuwa cha kazini.

Hicho kilikuwa kimepinda kidogo shingoni, kwa hiyo kiliweza kuning'inia mdomoni bila kuyaelemea meno, na baba alikivuta siku za kushona kurasa, mikono yote miwili ikiwa na shughuli. Alikibana kwa meno ya upande wa kulia. Vitabu vya miaka thelathini viliacha kwenye mrija ule mweusi mashimo mawili, moja juu na moja chini, yenye kina cha kulaza ncha ya kidole.

Na kidole kilicholala humo tangu baba afariki kilikuwa cha mama.

Macho ya mama yalianza kufifia kabla mumewe hajaondoka, na sasa alibaki na mwanga na vivuli tu. Picha za marehemu zilizotundikwa ukutani, kwake zilikuwa ukuta. Kila alasiri alikaa kwenye kiti cha baba karibu na dirisha, akakichukua kile kiko kilichopinda, akaweka dole gumba kwenye shimo la juu na kidole kingine kwenye la chini, akakisogeza puani, akatulia. Hakuwa akilia wala kusema neno. Baada ya dakika ishirini alikirudisha kwenye rafu na kuuliza usiku watu watakula nini. Huyo ndiye mume aliyebaki naye, na alimtosha.

Sasa njoo kwa kaka. Jina lake la nyumbani lilikuwa Meneja, kwa kuwa ndicho cheo alichokuwa nacho kazini na alikuwa hajui kukivua anapovua viatu. Nia yake, tumtendee haki, haikuwa mbaya. Chumba cha baba kilikuwa karibu na bafu, na mama alihitaji chumba ambacho akitoka halitafuti bafu kwa kupapasa ukuta. Kwa hiyo wiki ile Gundi akiwa amezama kwenye kazi ya kufunga madaftari ya shule moja, Meneja alipaka chumba rangi nyeupe, akaweka mapazia mapya, akatoa kila kitu kilichonuka. Na vilivyonuka vilikuwa viko kumi na tisa.

Mama alipokwenda kupapasa rafu na kukuta rangi mbichi, Meneja alimwambia kwamba vimetolewa juani kidogo, visishike harufu ya rangi. Alisema hivyo huku akimwangalia dada yake kwa jicho la kumwomba asimwangushe. Gundi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa habari za mkokoteni huko jikoni, alinyamaza. Baadaye ukimya ule ulimuuma kuliko maneno ya kaka yake.

Siku ya kwanza mama alikubali. Siku ya pili aliuliza hilo ni jua gani lisilozama. Siku ya tatu hakuuliza. Hakukaa kwenye kiti cha baba, na jioni ilipofika hakutaka kujua usiku kuna chakula gani. Alilala akiwa ameugeukia ukuta mweupe. Gundi aliposimama mlangoni na kumtazama mgongo, alijua kwamba kile kiko kisiporudi, mama hatageuka.

Asubuhi alifunga karakana na kwenda kumsaka mwenye mkokoteni. Njiani alilipiga teke lile beseni lililokuwa limesahauliwa kibarazani, na teke likamrudishia roho kidogo. Mwenye mkokoteni alimpata mtaa wa tatu, akipima vyuma. Alikumbuka vizuri sana. Boksi lote, alisema, alimuuzia mzee mmoja anayetengeneza meno ya bandia nyuma ya duka la dawa, kwa sababu mzee yule ana wazimu wa viko na mtaa mzima unajua. Gundi alimuuliza iwapo anaona haki kumpa mtu beseni lililopasuka. Akajibiwa kwamba bwana yule alilichagua mwenyewe, tena kwa rangi.

Chumba cha fundi meno kilikuwa kidogo na kisafi kupita kiasi. Kwenye meza kulikuwa na taya za plasta zimepangwa zikicheka, taa ndogo ya spiriti, tupa nyembamba, na misasa ya kila namna. Na kwenye rafu ya juu, vikiwa vimesimamishwa kwenye kibao chenye matundu, vilikuwa viko vya baba. Vilikuwa kumi na vinane, vimejazwa chumvi vinywani, nyeupe pe, na chumvi ile ilikuwa imelowa.

Gundi alimwamkia mzee, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Mzee alidhani amekuja kwa ajili ya meno. Alipoona macho ya mgeni yako kwenye rafu, uso ulimkunjuka. Ni watu wachache siku hizi wanaoijua thamani ya vitu hivi, alimwambia. Watu wanataka vipya, vinavyong'aa, wakati mzizi mkuukuu uliokaushwa na miaka huvutika vizuri zaidi kuliko kiko cha dukani, tena kwa bei ya bure. Akafungua droo, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kile kilichopinda. Kiling'aa. Ungeweza kukiweka kwenye kisanduku chenye kitambaa laini.

Kisha akaanza kusimulia alivyokitengeneza, kwa raha ya mtu anayesimulia harusi ya mwanawe. Alianza na ukoko, akaukwangua wote hadi kwenye mti. Kisha akakijaza chumvi na spiriti, kikalala siku mbili, na chumvi ikanyonya harufu yote mpaka ya mwisho. Hapo ukinusa, alisema, hupati kitu. Halafu mrija. Mrija ndio uliomtoa jasho. Ni wa mpira mgumu, na mpira huo una tabia ya kukumbuka umbo lake la zamani, ukiupasha moto polepole mabonde hupanda yenyewe. Kilichobaki alikisugua kwa msasa, kisha kwa dawa ya kung'arishia meno.

Gundi alikuwa amekishika mkononi. Dole gumba lake lilipita juu ya mrija, likarudi, likapita tena, na halikukwama popote.

"Ungekiona kilivyokuja," mzee alisema. "Mwenyewe alikuwa anatafuna kama mbuzi."

"Huyo mbuzi ni baba yangu," Gundi alisema.

Hapo pakachafuka. Gundi alimpa mzee vidonge vyake bila maji. Alimwambia kwamba hakuna mtu aliyemtuma, kwamba kuna watu hawawezi kuona alama ya binadamu mwenzao bila kuitia msasa, kwamba yeye na kaka yake wangefaa sana kufungua biashara pamoja, mmoja apake chokaa na mwingine akwangue. Mzee naye damu ilimpanda. Yeye ni mwizi? Vitu amevinunua mchana kweupe. Amevipata vimelala chini ya mnyororo wa baiskeli uliooza, na angechelewa siku moja vingekuwa kuni za mtu. Siku tatu amepinda mgongo, macho yamemvimba, anaokoa kazi ya fundi asiyemjua, halafu mtu anaingia na kumtukania utu wake mbele ya meno ya wateja.

Walikuwa na hasira ya aina moja, na ndiyo maana haikwisha haraka. Ilikwisha Gundi alipoishiwa matusi ya heshima na kulazimika kusema ukweli mtupu: kwamba mama yake haoni, na kwamba ni kwa mashimo yale alikuwa akimwona mumewe.

Mzee aliketi. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akauliza kwa sauti ya kazi, kama mtu anayejibanza nyuma ya ujuzi wake, iwapo marehemu alikuwa amepoteza gego moja la juu upande wa kulia, na alikuwa na jino la chini lililokaa mshazari.

Gundi alishtuka. Ni kweli, alisema. Jino lile lilikaa mshazari tangu ujana.

"Niliyasoma kabla sijayafuta," mzee alisema. "Niletee picha yake akiwa anacheka. Nitayarudisha palepale, kwa tupa. Hatajua."

Alisema kwa moyo safi, na ndiyo maana Gundi alizidi kufura. Yaani baada ya kumfuta baba yake, sasa anataka kumchonga wa bandia. Alimwambia mama yake ana mume mmoja tu, na mume huyo hakutoka kwenye tupa. Akakifunga kiko kwenye kile kitambaa, akaondoka nacho, na mzee hakumzuia. Alimfuata hadi mlangoni tu, akasema vile kumi na vinane vingine atavirudisha mwenyewe, chumvi ikishatoka.

Njiani kuelekea nyumbani kulikuwa na jambo moja lililomsumbua Gundi, naye alilifukuza kama nzi. Mwaka juzi mwanamke mmoja alimletea daftari la mama yake lifungwe upya. Kingo zilikuwa zimechakaa, zimejaa maandishi madogo ya kalamu ya risasi. Gundi alizikata zikawa sawasawa, kama anavyokata kila kitabu, na mwanamke yule alipofungua aliuliza maandishi ya pembeni yako wapi. Gundi alimjibu kwamba sasa daftari ni safi. Lakini hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa, alijiambia, na akaongeza mwendo.

Mama alikuwa ameketi kitandani. Gundi alikuwa amepanga kutosema lolote. Angempa, angekaa kimya, labda bahati ingewasitiri. Akakiweka kiganjani mwake. Vidole vya mama vilikikumbatia, dole gumba likapanda kwenye mrija kama mtu anayerudi kwake, likafika mahali pa shimo. Likateleza. Likatafuta tena, mbele, nyuma, upande wa chini. Kisha mama akakisogeza puani.

"Hiki kimetoka hospitali," alisema.

Gundi alifungua mdomo.

"Na usiniambie jua."

Basi aliambiwa yote, kuanzia rangi hadi mkokoteni, beseni, chumvi na msasa. Gundi alisimulia akilia kwa hasira, na kila jina alilitaja, isipokuwa lake alilichelewesha hadi mwisho. Mama alisikiliza bila kukatiza. Alipojibu, sauti yake ilikuwa na ukali ambao nyumba ile haikuusikia tangu watoto wakiwa wadogo.

"Huyo fundi hanijui, hana kosa kwangu," alisema. "Kaka yako ni mpumbavu, nilimzaa mwenyewe, namjua. Lakini siku tatu mmeniacha napapasa ukuta, mnapeana ishara juu ya kichwa changu. Macho ndiyo yaliyokwisha, Gundi. Mimi bado nipo."

Gundi alikaa sakafuni kando ya kitanda kama zamani, akashika ukingo wa kanga ya mama yake. Mama aliendelea kukigeuzageuza kile kiko, akikikagua kila upande, na uso wake ulikuwa bado umekunjamana. Hatimaye akauliza iwapo tumbaku ya baba ilibaki. Gundi akasema ipo, mkebe mzima, karakanani, kwenye mtoto wa meza; yeye hakuruhusu mtu aiguse.

"Kailete kesho," mama alisema. "Na huyo mzee mwite aje. Amekifanya kipya, basi anifundishe kukianza."

Fundi meno alikuja kesho yake alasiri akiwa amevaa shati la kutokea, na boksi la viatu kwapani. Alisalimia kwa unyenyekevu mwingi, akaanza kuomba radhi. Mama alimwambia radhi wataiongea tumbaku ikishawaka. Akakaa kwenye kiti cha baba, mzee akavuta kigoda karibu, na somo likaanza. Tumbaku ya kwanza ishindilie kwa mkono wa mtoto, kidogo tu, alimwambia, ya pili kwa mkono wa mama, ya tatu kwa mkono wa baba, kwa nguvu. Moto wa kwanza utazimika, usihangaike, huo ni wa kuamsha tu. Gandamiza kidogo, washa tena. Moshi usiushushe kifuani, unaishia mdomoni. Mama alikohoa hadi machozi yakamtoka, akaisema tumbaku maneno makali, akauliza mtu mwenye akili aliwezaje kufanya hivi miaka thelathini. Kisha akaomba kiberiti tena. Mara ya nne kiliwaka na kubaki kimewaka, na moshi ukapanda taratibu kwenye ukuta mweupe na mapazia mapya.

Gundi alikuwa anasubiri saa kumi na moja. Ndiyo saa ambayo Meneja hufika kutoka kazini, na kwa siku zote hizi alikuwa amemwandalia hotuba. Ilikuwa na mwanzo, ilikuwa na kati, na mwisho wake ulikuwa beseni. Aliirudia kichwani asije akasahau hata neno. Mama naye alikuwa amekibana kiko kwa meno ya upande wa kulia, na fundi akamsihi kwa upole akishike kwa mkono, asiking'ate, maana mrija utaharibika upesi.

"Ndugu yangu," mama alisema, "nyamaza."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Meneja alikuwa na mtindo wa kuubamiza, amebamiza milango tangu alipopata cheo, na Gundi alisimama tayari. Lakini mlango haukubamizwa. Ulikaa wazi kimya kwa muda, kisha ukasikika ukifungwa polepole, sentimita baada ya sentimita, mpaka kitasa kikaingia mahali pake bila mlio.

Gundi aliijua namna hiyo ya kufunga mlango. Walifundishwa wote wawili wakiwa wadogo. Ukifungua mlango ukakuta harufu ile ya tumbaku, maana yake baba anashona, na kurasa zimetandazwa nyumba nzima bila uzi. Ukiubamiza, upepo unazipeperusha, na kazi ya siku nzima inaanza upya. Kwa hiyo unashika kitasa kwa mikono miwili, unavua viatu, na unapita kimya.

Meneja alitokea kwenye mlango wa chumba akiwa na soksi, viatu mkononi. Mtu wa miaka hamsini, na tai shingoni. Macho yake yaliangalia sakafuni kwanza, kama anayetafuta pa kukanyaga pasipo na karatasi. Kisha yakapanda hadi kwenye kiti.

Gundi aliitafuta hotuba yake asiione. Hilo nalo lilimuudhi, kwamba hata hasira yake kaka mtu amemnyang'anya.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mimi, mama." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kumsumbua anayefanya kazi.

"Mbona umefunga mlango taratibu hivyo?"

Meneja alikuwa ameshaanza kulia, waziwazi, viatu bado vimening'inia mkononi, na fundi meno akageuka dirishani kwa heshima. Mama alimwachia alie kidogo. Hakumwita, wala hakumbembeleza. Alivuta mara mbili, akakitoa kiko mdomoni, na dole gumba lake likapanda kwenye mrija, likasugua mahali alipokuwa ameng'ata, kuona kama kumeanza kuwa na chochote.

"Ukimaliza," alisema, "kaniletee lile beseni lako, nipate pa kumwagia majivu. Majivu hayavuji."